"Fierce" si katili, jamani!

Wadau, jana usiku sikulala vizuri, na safari hii si kunguni wa hosteli. Ni neno moja tu la Kiingereza.

Tulikuwa watu watano tunatafsiri aya ya historia kwa ajili ya semina. Kiingereza kinasema Wahehe waliwapa Wajerumani "fierce resistance". Mwenzetu mmoja kaandika "upinzani wa kikatili". Nikapinga. Nikaambiwa eti najifanya mjuaji, mambo ni yale yale. Zikapigwa kura, nikalala nne kwa moja. Sasa hapa kwangu hakuna kura, nasema.

Si yale yale hata kidogo! Asili ya neno hilo ni Kilatini, ferus, yaani wa porini, asiyefugwa. Likapita kwa Wafaransa, na kwao mpaka leo fier ni mtu mwenye fahari. Ukatili uko wapi hapo? Waingereza wanaliweka kwenye upepo, kwenye ushindani, hata kwenye mapenzi ya mama kwa mwanawe. Sisi neno tunalo, tena tamu: kali. Jua kali, mbwa mkali, ushindani mkali. Na kama wao walivyoligeuza kuwa sifa, mpaka Beyoncé mwaka 2008 akajiita Sasha Fierce, nasi tunasema "jamaa mkali" tukimsifia mtu. Nani amewahi kusifiwa kwa kuitwa katili?

Mtasema ni neno tu. Haya, oneni linachofanya. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, watu wa Mkwawa walikivamia kikosi cha Zelewski kilichoingia nchini kwao kikichoma vijiji. Ukiandika "kikatili", mwenye nyumba kageuka mhalifu na aliyekuja kuichoma kageuka mhanga. Yaani kwa silabi chache tu tumewashitaki babu zetu kwa kosa la kukataa kufugwa!

Neno katili lina kazi yake. Liwekeni kwenye vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, Wajerumani walipoteketeza mashamba na maghala, njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Hapo sitabisha.

Semina ni Alhamisi. Nyie wanne ni marafiki zangu, lakini mkono nitanyoosha tu. Anayebisha anitafute kantini, ila aje na kamusi.