Tuhakiki Kiambatisho, Tuhifadhi Amana



Aya ya 6 ya Surat al-Hujuraat inatuamrisha kuichunguza habari inayoletwa na fasiki, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukajuta. Adabu hiyo ya uhakiki inaigusa pia barua pepe. Badala ya kupanda gari kutoka Mikumi hadi Kilosa mjini, siku hizi nyaraka nyingi za misikiti na za familia hutumwa kwa njia hiyo na kufunguliwa katika duka la steshenari.

Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" tumekwisha kuuzoea. Wengi huucheka na kuufuta. Kiambatisho ni hatari zaidi, kwani hakiombi kitu, husubiri kufunguliwa tu. Mwezi Mei 2000, barua yenye kichwa "ILOVEYOU" ilianzia Ufilipino ikaambukiza mamilioni ya kompyuta duniani kwa siku chache, kwa kuwa ilimfikia mtu ikiwa na jina la anayemfahamu.

Ipo njia ya kuhakiki bila malipo. Huduma ya VirusTotal, iliyoanzishwa Hispania mwaka 2004 na kununuliwa na Google mwaka 2012, hulipitisha faili moja kwenye programu zaidi ya 70 za kusaka virusi. Ni mfano wa kuwauliza mashahidi wengi badala ya mmoja. Wakilishuku wengi, faili lifutwe. Wakisema wote ni salama, bado hiyo si dhamana, maana virusi vipya huweza kupita kabla havijajulikana.

Hapa ndipo penye jambo kubwa. Faili lililopakiwa huko halibaki siri. Huduma hiyo hulihifadhi, na huyapatia makampuni ya usalama wa kompyuta na wateja wanaolipia. Je, likiwa ni orodha ya wajane na mayatima wanaopokea zaka? Au hesabu ya mirathi, au makubaliano ya talaka? Hizo ni amana, na Aya ya 58 ya Surat an-Nisaa inatuamrisha kuzifikisha amana kwa wenyewe. Nchi yetu nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023.

Basi tufuate utaratibu huu. Kwanza, tumpigie mtumaji kwa namba tunayoijua, si ile iliyoandikwa ndani ya barua. Pili, tutazame mwisho wa jina la faili: "Mwaliko wa Harusi" ukiishia na .apk au .exe, hiyo ni programu, si kadi. Tatu, faili lisilo na siri ya mtu lipakiwe likakaguliwe. Nne, lenye siri lisipakiwe. Kila faili lina alama yake ya herufi na tarakimu 64, mfano wa alama ya kidole. Kijana mjuzi wa kompyuta anaweza kuitafuta alama hiyo peke yake katika VirusTotal, na faili likabaki kwetu. Alama isipoonekana, maana yake faili halijakaguliwa huko, si kwamba ni salama.

Mjane aliyetupa jina lake ili apate zaka hakutupa idhini ya kulisambaza.

Wabillahi tawfiq.