Kingi: Simu ikisema ina virusi, kuformati si jibu la kwanza

Kingi, kama sehemu nyingine za Masisi na Walikale, simu ya mhamishwa wa vita ndiyo sanduku lake. Ndani mna picha ya kadi ya mchaguzi iliyobaki nyumbani, namba za ndugu waliotawanyika, na pesa kidogo ya Airtel Money au M-Pesa. Ndiyo maana maandishi mekundu yakitokea kwenye kioo, «Simu yako ina virusi 13», mtu anashtuka na kukimbilia kwa fundi. Jibu la fundi mara nyingi ni moja: tuformati. Simu inarudi safi, na picha na namba zote zimekwenda.

Jibu hilo ni baya, hata pale virusi ni vya kweli.

Kwanza iulizwe nani anayesema. Ukurasa wa intaneti hauwezi kupima ndani ya simu ya mtu. Maneno yanayotokea mtu akiwa kwenye Chrome au Opera, yanayohesabu sekunde na kumsukuma apakue programu ya kusafisha, ni tangazo la uongo. Lifungwe tu. Anayelifuata ndiye anayejiletea ugonjwa.

Antivirusi ya kweli hutaja programu au faili inayoshuku. Nayo pia hukosea. Oktoba 2023, simu za Huawei, Honor na Vivo ziliwaambia wenyewe kwamba programu ya Google ni virusi hatari, zikaiita TrojanSMS-PA. Haikuwa kweli. Antivirusi hulinganisha alama na tabia za programu na zile za virusi vinavyojulikana, kama askari wa bariera anayemshika mtu kwa sababu jina lake linafanana na la mwingine.

Lakini kosa la upande wa pili ndilo linaloumiza zaidi. Vijana wanapeana kwa Xender zile WhatsApp zilizogeuzwa, GB na FM, na antivirusi ikipiga kelele wanasema inawaonea. Agosti 2021, kampuni ya Kaspersky ilikuta virusi Triada ndani ya FMWhatsApp toleo la 16.80.0. Virusi hivyo vinaweza kumwandikisha mtu kwenye huduma za kulipia bila yeye kujua. Hapo antivirusi haikuonea mtu.

Simu yenyewe hutoa ushahidi. Unite zinakwisha bila kupigia mtu, SMS zinatoka bila kuandikwa, matangazo yanafunika kioo hata kama hakuna kilichofunguliwa. (Betri kuisha haraka peke yake si dalili, betri nyingi zimechoka tu.) Dalili hizo zisipokuwepo, na antivirusi moja tu ndiyo inalalamika kuhusu programu iliyotoka Play Store, isasishwe kwanza, kisha simu ipimwe na Play Protect, ambayo tayari imo ndani ya Play Store. Dalili zikiwepo, intaneti ifungwe, programu ile moja itolewe, na laini iwekwe kwenye simu nyingine ili kubadilisha namba ya siri ya pesa.

Na wanaoamini kuformati kunamaliza yote wakumbuke mwaka 2020. Simu za Tecno W2 zilizouzwa Ethiopia, Kameruni, Misri, Ghana na Afrika Kusini zilikutwa zimetoka na Triada ndani yake, ikileta xHelper, virusi vinavyorudi hata baada ya kuformati. Kwenye simu ya namna hiyo mtu angepoteza picha zake na kubaki na ugonjwa.

Fundi anayetaka kulipwa lazima aonyeshe jina la programu anayoituhumu. Asipoweza, mwenye simu ana haki ya kuirudisha mfukoni. Na ikibidi kuformati kweli, picha na namba zinakiliwe kwanza kwenye memori kadi. Mafaili ya APK ndiyo ya kuachwa.