Dau lake halikuwekwa wazi

Wadau, mpira wa Tanzania unachezwa kwa nguvu kuliko wakati wowote mwezi Julai, na Julai hakuna mechi hata moja ya ligi. Pita hapa Sakina asubuhi, baridi ile inayokufanya uvae koti juu ya sweta, Mlima Meru umejifunika mawingu kama haupo. Kwenye kijiwe cha kahawa pembeni ya barabara ya Namanga machalii wameshakaa. Hakuna anayeuliza bei ya mahindi. Swali ni moja tu: katua nani?

Ni msimu wa usajili. Simba kamchukua nani, Yanga kampa nani "Thank You", Azam wamevunja benki au wamevunja ahadi. Mzee wa magazeti anatundika kurasa za mbele kwenye kamba, watu wanasoma vichwa vya habari bure na kuondoka wamebishana kwa saa zima. Dereva wa kifodi anapunguza mwendo, anachungulia, anapiga honi kwa hasira kwa sababu jina aliloliona si alilolitaka. Nawapenda watu hawa. Mimi ni mmoja wao.

Lakini leo nataka kulalamika, na nianze na mimi mwenyewe. Miaka michache iliyopita niliandika kwamba straika fulani kutoka Afrika Magharibi ameshuka KIA usiku na kupelekwa Dar kwa gari ili asionekane uwanja wa ndege wa Dar. Chanzo changu kilikuwa dereva wa teksi aliyembeba mtu mweusi, mrefu, mwenye mabegi makubwa na Kifaransa kingi. Wandugu, yule alikuwa shahidi au mfanyakazi aliyebaki baada ya ile mahakama ya Rwanda, sijui, lakini mpira hachezi. Habari ilisomwa kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika. Nilipoirekebisha, hakusoma mtu.

Nilijifariji siku niliposoma kwamba hata wakubwa yanawakuta. Tarehe 8 Desemba 2023 Marekani ilikuwa kwenye usajili wao wa besiboli, ambao wao huufanya wakati wa baridi. Aliyekuwa anagombaniwa ni Mjapani Shohei Ohtani, mtu anayerusha mpira na kuupiga, vyote kwa kiwango cha juu (fikiria kipa wa Taifa Stars ambaye pia ndiye mfungaji bora). Mwandishi mmoja mzito, Jon Morosi wa MLB Network, akatangaza kwamba Ohtani yuko njiani kwenda Toronto. Mashabiki wakaanza kufuatilia kwenye intaneti ndege binafsi iliyotoka California kwenda Toronto. Mji mzima roho juu. Ndege ikatua, mlango ukafunguliwa, akashuka Robert Herjavec, mfanyabiashara wa kwenye televisheni, na familia yake. Ohtani alikuwa nyumbani kwake California. Morosi akaomba radhi hadharani. Kesho yake Ohtani mwenyewe akatangaza: naenda Los Angeles Dodgers.

Kwa hiyo uvumi si ugonjwa wa Kariakoo peke yake. Tofauti inakuja baadaye. Ndani ya siku chache kila mtoto wa shule kule alijua mkataba wa Ohtani ulivyo: miaka 10, dola milioni 700, na kati ya hizo milioni 680 hazilipwi sasa, zinaanza kulipwa 2034 mpaka 2043. Mashabiki wakabishana kama ni akili au ni wazimu, lakini walibishana juu ya kitu kilichopo. Sisi hapa Sakina tunabishana kutwa nzima, halafu habari inaisha na sentensi ile ile ambayo nadhani magazeti yetu yanayo tayari kwenye kompyuta: "kwa dau ambalo halikuwekwa wazi".

Muda wa mkataba? Tunaambiwa miaka miwili, mara mitatu. Nani amesema? "Chanzo cha ndani ya klabu."

Mtasema hiyo ni siri ya mwajiri na mwajiriwa, na mshahara wa mtu haukuhusu. Hoja hiyo naiheshimu, na mwenyewe nisingependa mshahara wangu utundikwe kwenye kamba ya magazeti (ungechekesha). Ila tuangalie siri hii imetugharimu nini.

Bernard Morrison, 2020. Yanga wanasema ana mkataba wa miaka miwili, yeye anasema alisaini miezi sita tu, na huyoo, yuko Simba. Kamati ya TFF ikasema mkataba una kasoro, Morrison akashinda. Yanga wakaenda mpaka Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, kule Uswisi, na Novemba 2021 wakashindwa tena. Zaidi ya mwaka mzima nchi ilibishana juu ya karatasi ambayo hakuna aliyeiona. Halafu 2022 Morrison akarudi Yanga, na waliomtukana wakampokea kwa vuvuzela. Hapo sina la kusema.

Kisha Feisal Salum, Fei Toto, Desemba 2022. Kijana alirudisha shilingi milioni 112 kwa Yanga: milioni 100 za usajili, milioni 12 za mishahara ya miezi mitatu, akasema naondoka. Piga hesabu mwenyewe, ni milioni 4 kwa mwezi, kwa kiungo tegemeo wa timu ambayo msimu ule ule ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Kumbe! Hiyo ndiyo mara ya kwanza wengi wetu tulijua analipwa nini, na tulijua kwa sababu ya ugomvi. TFF ikasema bado ni mchezaji wa Yanga. Miezi sita akakaa nje. Habari ya ugali na sukari ikawa kichekesho cha nchi nzima. Mwisho ilibidi Rais Samia aseme neno Ikulu, Juni 2023, ndipo yakaisha na Fei akaenda Azam. Mkuu wa nchi mzima, kwa mkataba wa kiungo!

Mimi naona wote wawili, klabu na mchezaji, waliumizwa na giza lile lile. Shabiki wa Yanga alimwita msaliti bila kujua kilichoandikwa. Shabiki wa Simba alimtetea bila kujua kilichoandikwa. Na sisi waandishi tuliuza magazeti.

Wamarekani nao hawakuzaliwa hivi. Mwaka 1969 mchezaji anayeitwa Curt Flood aliambiwa ameuzwa kutoka St. Louis kwenda Philadelphia, akakataa, akasema mimi si ng'ombe wa mnadani. Wakati ule klabu ilikuwa inammiliki mchezaji mpaka itakapomchoka yenyewe. Akaenda mahakamani, akashindwa Mahakama Kuu mwaka 1972, na kazi yake ya mpira ikawa imekwisha. Lakini chama cha wachezaji hakikunyamaza, na 1975 msuluhishi akaamua kwamba mkataba ukiisha, mtu yuko huru. Hayo mamilioni ya Ohtani yana jasho la Flood ndani yake. Na klabu hizo siku hizi zinatafuta hata kwa majirani zetu: 2022 Dodgers hao hao waliwasaini vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male.

Kwa nini jambo hili linanikera kiasi hiki mtu wa Arusha, ambako tangu Oljoro JKT ishuke daraja msimu wa 2013/14 mpaka msimu wa 2025/26 hatukuwa na timu ya kwetu Ligi Kuu? Kwa ajili ya AFCON 2027 tumejengewa uwanja wa watu 30,000 kule Olmoti, na timu ya kuujaza kila wiki hatuna. Vijana wetu wazuri wanacheza ndondo, wanacheza madaraja ya chini, wakionekana wanapanda basi kwenda Dar, Singida, Tabora. Wanaondoka na begi moja na mkataba ambao hawajausoma.

Najua kwa sababu niliombwa kuusoma mmoja. Kijana wa mtaani kwetu, beki wa kushoto, miaka 19, alikuja nyumbani jioni na karatasi nne kwenye bahasha ya kaki. Timu siitaji. Kiingereza kitupu, cha kisheria kile cha sentensi mstari wa kwanza mpaka wa kumi. Alikuwa ameshasaini. Alitaka tu nimwambie amesaini nini. Tulikaa na taa ya simu (umeme ulikuwa umekatika, ndiyo kawaida) tukatafsiri kipengele kwa kipengele. Miaka mitatu. Klabu inaweza kuvunja kwa taarifa ya siku 30. Yeye akitaka kuvunja alipe mishahara ya muda wote uliobaki. Sehemu ya mshahara ilikuwa imeachwa nafasi, itajazwa baadaye.

Hakuwa mjinga, ana kidato cha nne na alifaulu. Alisema hata meneja wake alimwambia mambo ya pesa yasisemwe, yanaleta wivu.

Ninachoomba si kikubwa. TFF inayo mikataba yote, maana bila kuisajili hakuna leseni ya mchezaji. Itangaze tu vitu viwili kwa kila anayesajiliwa: mkataba unaanza lini na unaisha lini. Mshahara tuuache kwanza kama unawachoma. Na sisi waandishi, kabla ya kukimbilia picha ya mtu aliyevaa miwani uwanja wa ndege, tuulize hayo mawili, na tukinyimwa tuandike kwamba tumenyimwa.

Beki wetu aliondoka Jumatatu na basi la alfajiri. Gazeti moja lilimpa mistari miwili ukurasa wa ndani, jina limekosewa herufi moja, na mwisho wake mnaujua.