Waachieni Wenye Wanyama Wajenge? Hapana

Kila bustani ya wanyama ya umma inapotaka kujenga, hoja zilezile huzuka: serikali ikae pembeni, wataalamu wa wanyama wajipangie wenyewe. Nitazijibu kwa mfano wa Bustani ya Taifa ya Wanyama iliyoko Washington, Marekani. Huko ukaguzi wa mipango una meno, na miradi yake imeshasimama mtu akaiona.

Wanaanza kwa kusema kwamba bustani hiyo ni mali ya Smithsonian, taasisi inayojitegemea, kwa hiyo haina haja ya kuomba ruhusa kwa mtu. Wamesahau ilikotoka. Aliyeianzisha ni Bunge, kwa sheria ya Machi 1889, likatenga dola 200,000 za kununua ardhi kando ya kijito cha Rock Creek. Smithsonian ilikabidhiwa mwaka uliofuata. Leo ni ekari 163 ndani ya mji mkuu, na mgeni haingii kwa tiketi ya kulipia, maana mlipa kodi amekwisha kuchangia. Ndiyo maana michoro yake hupelekwa kwenye Tume ya Mipango ya Mji Mkuu wa Taifa, yenye wajumbe 12: baadhi wameteuliwa na Rais, baadhi na meya, wengine wamo kwa vyeo vyao. Mwaka 2003 Bunge likaziba mwanya uliobaki. Lilitamka kwamba katika miradi ya mjini humo inayopita mbele ya tume hiyo, Smithsonian itahesabiwa kuwa idara ya serikali kwa upande wa sheria ya kulinda mahali pa kihistoria. Mjadala wa uhuru ulipaswa kufungwa siku hiyo.

Hoja ya pili inavuta zaidi: wapanga miji hawajui chochote kuhusu tembo. Ni kweli, ila hakuna anayewauliza habari za tembo. Wanaulizwa jengo likae wapi, lipande hadi wapi, miti ipi iangushwe, magari yaegeshwe wapi, na maji ya mvua yaelekee wapi. Bustani hiyo imekaa kwenye mteremko unaoishia kijitoni. Zege likimwagwa juu, aliye chini ndiye anayepokea maji. Daktari hodari wa mifugo anaweza kuishi miaka thelathini bila kulifikiria jambo hilo, wala si kosa lake.

Nikiri hapa kwamba ukaguzi huu una mpaka, na wanaoutetea nao huuvuka. Januari 2003 panda wekundu wawili walikufa bustanini baada ya sumu ya panya kufukiwa katika uwanja wao. Mwaka uliofuata ripoti ya Baraza la Utafiti la Taifa ilionyesha kasoro katika utunzaji wa wanyama, kumbukumbu na uongozi. Hakuna tume ya ramani ambayo ingewaokoa wale panda. Kazi hiyo ni ya wakaguzi wa aina nyingine, na anayedai kuwa muhuri wa mipango unalinda afya ya mnyama anawapa wapinzani silaha ya bure.

Na wale wanaotamani enzi za kujiamulia wasome habari za William Hornaday, msimamizi wa kwanza. Alipigania bustani hiyo kwa nguvu zake zote, kisha mwaka 1890 akajiuzulu baada ya kukosana na Samuel Langley, katibu wa Smithsonian, juu ya mpango wa bustani na nani mwenye kauli. Pasipo utaratibu wa wazi, mchoro huamuliwa na aliye na cheo kikubwa chumbani.

Hoja nzito kuliko zote ni ya tatu: kulinda majengo ya kale kunawatesa wanyama. Wanaoisema hunyoosha kidole London, kwenye bwawa la pengwini lililobuniwa na Berthold Lubetkin mwaka 1934. Ni kazi ya usanifu inayosifiwa kote, imelindwa kisheria kwa daraja la juu kabisa, na pengwini waliondolewa humo mwaka 2004. Zege limebaki likitazamwa. Siwezi kulipuuza hilo.

Lakini Washington walipata njia nyingine. Nyumba ya Ndege ilifunguliwa mwaka 1928, miaka miwili baada ya mkurugenzi William Mann kuongoza msafara wa Tanganyika, kwa fedha za Walter Chrysler, na kurudi na wanyama hai zaidi ya elfu moja. Wanyama wale wamekwisha kufa zamani. Nyumba ingali imesimama. Ilipofungwa mwaka 2017, haikubomolewa wala haikugandishwa. Ilifunguliwa tena Machi 2023 ikiwa na sura yake ya kale nje, na ndani kumegeuzwa makazi ya ndege wanaohama, pamoja na shamba la kahawa la kivuli. Nyumba ya Tembo ya mwaka 1937 ilitendewa vivyo hivyo. Swali la lipi libaki na lipi liondoke lilijibiwa kabla ya nyundo.

Ucheleweshaji? Upo. Ila mpango mkuu uliopita kwenye tume mwaka 2008 uliitazama bustani nzima kwa pamoja, kwa hiyo mradi mmojammoja haulazimiki kuanza sifuri. Na kufuta mstari kwenye karatasi ni rahisi kuliko kung'oa msingi.

Linabaki dai kwamba vikao vya wazi ni uwanja wa makelele. Mwaka 2018 bustani, kwa sababu za usalama, ilitaka milango ya waenda kwa miguu ipunguzwe kutoka 13 hadi mitatu na wageni wapekuliwe. Majirani walikuja kupinga, maana wengi hukatiza bustanini kila siku kwenda kazini au kukimbia asubuhi. Huenda baadhi yao walipayuka. Vikao ndivyo vilivyo. Lakini swali lao halikuwa la kelele, wala utaalamu wa wanyama hauwezi kulijibu: kwa nini mitatu, na si mitano?