Aliyezaa Aitwe Kwanza

Sisi akina baba wa kambo, tuliowakuta watoto tukawafanya wetu, tuna neno. Chakula cha mtoto hatukilalamikii. Mtoto uliyemlea tangu anatambaa humhesabii matonge. Kinachotuuma ni kwamba ndoa ikivunjika, wito wa ustawi wa jamii unatujia peke yetu, na aliyemzaa hatajwi hata jina.

Kifungu cha 130 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 kinasema mwanamume akimpokea mtoto asiye wake awe mmoja wa familia yake, atamtunza kwa kadiri baba na mama wa mtoto wanavyoshindwa. Hilo tunalikubali. Lakini kifungu hichohicho kinasema ulichotumia ni deni, unaweza kuwadai wazazi wake. Tena baba au mama akija kumchukua mtoto, wajibu wako unakoma. Mbona sehemu hii hatusomewi?

Ukifika ofisini unaulizwa, "Mtoto alikuwa anakuitaje?" Unajibu, "Baba." Faili linafungwa. Ukirudi nyumbani, wazee wanakwambia kitanda hakizai haramu. Kweli, ila methali hiyo ni ya kumsitiri mtoto, si ya kumficha mwanamume aliyekimbia.

Na huyo mwanamume yupo. Ana kazi, ana nyumba. Ada shuleni iliondolewa, lakini sare, madaftari, mchango wa uji na nauli ya daladala bado vinatoka mfukoni mwetu. Usiku mtoto akishikwa na homa, sisi ndio tunaotafuta bodaboda. Ila siku binti akiposwa, bwana huyo atakuja na kaka zake, akae mbele, adai mahari kwa sababu ni damu yake.

Bibi zetu vijijini hali yao ni mbaya zaidi. Wameachiwa wajukuu, hela ya sabuni haitumwi, na kifungu hicho kinamtaja mwanamume tu.

Tunachotaka si kufutiwa wajibu. Kabla hakimu hajapanga kiasi cha matunzo, aulize mzazi wa damu yuko wapi, aitwe, aeleze kipato chake, alipe. Kitakachopungua tutajazia, kama tulivyokuwa tukifanya. Asituambie mtu kwamba hapatikani. Namba yake ya simu mama wa mtoto anayo, na shangazi zake wanaishi mtaa wa pili.