Gamba Tupu Lisitupumbaze

Uzuri wa mkakasi, walinena wahenga, ndani kipande cha mti. Methali hii hutumiwa aghalabu kuwaasa vijana wanaobabaishwa na sura za watu. Nionavyo mimi, yawafaa pia wataalamu wa elimu ya viumbe, hasa wale wanaojishughulisha na konokono wa kilindini, ambao mara nyingi huletewa gamba zuri lisilo na mwenyewe ndani yake.

Tuutazame ugumu wa kazi yao. Konokono hawa huishi chini ya mita 200, mahali ambapo mwanga wa jua hufifia na hatimaye kutoweka kabisa. Meli ya utafiti hushusha wavu wa kukokota, ukaburuta matope ya sakafu ya bahari, ukapandishwa saa kadhaa baadaye. Ndani yake huenda mkawamo gamba moja au mawili tu, tena yaliyopasuka au kulika. Meli ikishaondoka, huenda miaka mingi ikapita kabla ya nyingine kufika pale pale. Basi mtaalamu huketi mezani na gamba lake moja, na hana budi kuamua: je, huyu ni konokono anayejulikana tayari au ni spishi mpya? Na iwapo ni mpya, je, ni haki kumpa kiumbe jina la kudumu kwa ushahidi wa nyumba aliyoihama?

Najua wapo watakaouliza yatuhusu nini sisi tulio na madarasa yaliyofurika na maabara zisizo na hadubini za kutosha. Yatuhusu sana. Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari, yenye makao yake Kingston, Jamaica, imekwisha kutoa mikataba ya kutafuta madini ya salfidi katika Bahari ya Hindi: kwa Uchina mwaka 2011, Korea Kusini mwaka 2014, Ujerumani mwaka 2015 na India mwaka 2016. Madini hayo hupatikana kwenye chemchemi za majimoto za kilindini, na papo hapo ndipo wanapoishi baadhi ya konokono wa ajabu kuliko wote duniani. Kiumbe asiye na jina ni nadra kuandikwa katika orodha ya viumbe walio hatarini. Mwaka 2021 wataalamu walipochapisha tathmini ya spishi 184 za konokono, chaza na jamaa zao wanaoishi kwenye chemchemi hizo, walibaini kwamba asilimia 62 zimo hatarini kuangamia. Hesabu hiyo iliwezekana kwa kuwa kila mmoja wao alikuwa na jina. Ambao hawakuwa nalo hawakuhesabiwa.

Hata hivyo, jina lililotolewa kiholela laweza kudhuru kama vile kukosa jina. Chukua mfano wa gamba dogo lenye umbo la kofia lililopatikana karibu na visiwa vya Azores. Mwaka 1896 Wafaransa wawili, Dautzenberg na Fischer, walilipa jina wakiliweka pamoja na konokono wa kawaida wanaogandama miambani. Mwaka 1952 meli ya Denmark iitwayo Galathea ilivua viumbe kumi wazima na magamba matatu matupu kutoka kina cha mita 3,570 katika Bahari ya Pasifiki, ng'ambo ya Costa Rica. Kwa nje walikuwa na kofia kama ile ile. Lakini Lemche, aliyewaeleza mwaka 1957 kwa jina la Neopilina, alikuta ndani yao jozi baada ya jozi za misuli na za mashavu ya kupumulia. Hawa hawakuwa konokono hata kidogo. Walikuwa wa ngeli nyingine kabisa, iliyodhaniwa kutoweka duniani zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita. Miongo mingi ilipita kabla ya lile gamba la Azores kutambuliwa kuwa ni la ngeli hiyo hiyo. Muda wote huo ushahidi ulikuwamo kabatini, umefichwa na jina lisilo lake.

Jambo hili halikwisha na wazee wa karne ya 19. Mwaka 1988 konokono mwenye manyoya kwenye gamba, aliyepatikana kwenye chemchemi za kilindini huko Mariana, alipewa jina la Alviniconcha hessleri. Kwa miaka mingi jenasi hiyo ilikuwa na spishi hiyo moja tu kwenye vitabu. Jeni zilipochunguzwa, ikadhihirika kwamba magamba yanayofanana kama shilingi kwa ya pili yalikuwa ya spishi mbalimbali. Kufikia mwaka 2015 jenasi ile ilikuwa imeongezewa spishi nyingine tano, na mmojawapo, Alviniconcha marisindica, ni wa Bahari yetu ya Hindi.

Kinyume chake pia hutokea. Mwaka 2001 wanasayansi walimgundua, katika Bahari ya Hindi kwenye kina cha mita 2,400 hivi, konokono ambaye mguu wake umefunikwa kwa magamba madogo madogo kama ya samaki, yaliyopakwa salfidi ya chuma na kuwa meusi. Baadaye, katika eneo jingine la bahari hiyo hiyo, wakapatikana wenzake walio weupe, wasio na chuma hicho. Nani angemlaumu mtaalamu ambaye angewaita spishi mbili? Jeni zilionyesha kwamba weusi na weupe ni ndugu wa spishi moja, Chrysomallon squamiferum, iliyopewa jina rasmi mwaka 2015. Mwaka 2019 ikaandikwa katika orodha ya viumbe walio hatarini kwa sababu ya tishio la uchimbaji madini.

Gamba, kwa hiyo, hudanganya kwa pande zote mbili. Huwaunganisha wasiohusiana na huwatenga walio wamoja. Isitoshe, gamba la mtoto huenda lisifanane na la mzee. Maji ya vilindi vikubwa huyayusha chokaa, hata nakshi iliyokuwa wazi ikafutika. Tena gamba tupu ni abiria. Laweza kuporomoka kutoka maji ya juu, au likachukuliwa na kaa mdogo ambaye hukaa katika makao ya konokono aliyekufa na kutembea nayo. Pahali lilipookotwa si lazima pawe ndipo mwenyewe alipoishi.

Kutokana na haya wapo wanaoshikilia kwamba jina lolote lisitolewe mpaka mnyama mwenyewe apatikane akiwa na mwili wake, jeni zake zisomwe, na ule ulimi wake wenye meno madogo mno utazamwe kwa hadubini. Hoja yao ina uzito, lakini mimi siungi mkono sharti hilo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba kwa wastani miaka 21 hupita tangu kielelezo cha spishi mpya kukusanywa hadi spishi hiyo kuelezwa. Tukiongeza sharti la kungoja mwili mzima, baadhi watangoja milele. Huko New Caledonia, kisiwa cha Pasifiki, kikundi cha Bouchet kilifanya msako mkubwa katika eneo la kilomita 295 za mraba. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2002: spishi 2,738 za konokono, chaza na jamaa zao, na moja kati ya kila tano iliwakilishwa na kielelezo kimoja tu. Ikiwa hali ni hiyo katika maji yanayofikika kwa mashua, tutarajie nini mita 3,000 chini?

Zaidi ya hayo, gamba huweza kusema kweli. Mwaka 1856 Fischer na Bernardi walieleza gamba kutoka bahari ya Karibi, lililokuwa limekaliwa na kaa. Lilikuwa na mwanya mrefu ukingoni mwa mdomo, alama ya jamii ya konokono iliyokuwa ikijulikana kwa masalia yaliyogeuka mawe peke yake. Kwa gamba hilo tu walitambua kwamba jamii ile ingali hai, na mnyama mwenyewe akaja kuonekana baadaye. Kilele cha gamba pia, yaani mizunguko ile ya kwanza iliyofanyika utotoni, huweza kutuambia iwapo mtoto wa konokono yule huelea baharini akijitafutia chakula au hutegemea kiini cha yai. Mwenye kujua kusoma gamba hupata mengi, mradi asijidai kwamba amesoma yote.

Msimamo wangu, basi, ni kwamba jina lililotokana na gamba tupu lichukuliwe kuwa ni dai, nalo dai lina masharti. Kwanza, mwenye kulitoa aeleze bayana kwamba hakuuona mwili, ataje alikuwa na magamba mangapi, na kwamba yalikuwa makuukuu au mapya. Pili, aonyeshe ni alama zipi zinazolitenga gamba lake na la jirani yake wa karibu, wala asitegemee ukubwa au rangi peke yake. Tatu, gamba lenyewe liwekwe katika makumbusho ya umma, ambako mtu mwingine aweza kulishika, kulipima na kumpinga. Asiyeweza kutimiza haya heri alipe gamba namba ya muda.

Sharti hilo la tatu linatugusa sisi wa Afrika Mashariki kwa njia ya pekee. Meli ya Kijerumani Valdivia ilipita katika maji yetu katika safari yake ya 1898 na 1899. Mabahiss ya Misri, iliyobeba msafara wa John Murray, ikafuata mwaka 1933 na 1934. Konokono waliovuliwa walielezwa na kuhifadhiwa Ulaya. Siwasingizii wizi wataalamu wale, kwani walivitunza vielelezo hivyo vizuri. Lakini mwanafunzi wa Mombasa anayetaka kulinganisha gamba lililotoka kwenye bahari ya kwao hulazimika kuandikia Berlin au London. Ni wajibu wa serikali zetu kuzipa makumbusho na taasisi zetu za utafiti wa bahari fedha, makabati na wataalamu, ili vielelezo vitakavyotoka kwenye bahari hii vipate makao karibu nayo.

Sasa niwageukie walimu wenzangu. Uainishaji tunaufundisha kama orodha ya kukariri: himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi, spishi. Mwanafunzi huimeza orodha, huitapika kwenye mtihani, kisha huisahau. Hakuna amwambiaye kwamba kila jina katika orodha hiyo lilikuwa hoja ya mtu fulani, na kwamba hoja hupingwa. Tuwape wanafunzi magamba makavu ya konokono wa bustanini, makubwa kwa madogo, yaliyochujuka na yaliyo mapya. Kila kundi liamue lina spishi ngapi na litoe sababu. Kisha mwalimu aulize: mngebadili uamuzi wenu kwa ushahidi gani? Zoezi hilo halihitaji hata senti moja. Shule za pwani nazo zisiende kuokota magamba katika hifadhi za bahari kama za Malindi na Watamu, ambako kuyaondoa ni kosa.

Avumaye baharini papa, kumbe wengi wapo. Wengi hao tutawajua kwanza kwa magamba yao, na wengine pengine kwa magamba tu. Kijana atakayeyashika kesho, akiwa amezoea kuuliza "umejuaje?" kabla ya kuuliza "anaitwaje?", ndiye atakayetupa majina tunayoweza kuyaamini pindi wachimbaji watakaposhusha mitambo yao.