Waliopimwa Tumewasikia, Waliotibiwa Je?

Makamanda, Machi 8 ikikaribia mnajua kinachotokea. Mahema uwanjani, fulana zinagawiwa, mgeni rasmi anasoma idadi ya akina mama waliopimwa saratani ya mlango wa kizazi. Makofi. Keshokutwa mahema yameng'olewa.

Hivi wale waliokutwa na mabadiliko, nani anawafuatilia?

Kipimo cha siki kinatoa jibu ndani ya dakika chache. Mabadiliko ya awali yanatibika kabla hayajawa saratani, na penye vifaa mama anaweza kutibiwa siku hiyo hiyo. Pasipo na vifaa anapewa rufaa. Rufaa ni nauli, ni genge kufungwa, ni watoto kuachiwa jirani. Akiishia njiani, kwenye hotuba bado anahesabiwa kama mafanikio.

Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, ugonjwa huu unawapata wanawake zaidi ya 10,000 nchini kwetu kila mwaka, na zaidi ya 6,000 wanakufa. Lengo la dunia kufikia 2030 ni 90-70-90: asilimia 90 ya wasichana wawe wamechanjwa wakifika miaka 15, asilimia 70 ya wanawake wapimwe wakifika 35 na tena wakifika 45, na asilimia 90 ya watakaokutwa na tatizo watibiwe. Chanjo na kupima tunatangaziwa sana. Hiyo 90 ya mwisho ndiyo inayookoa mtu, na ndiyo hatuisikii majukwaani.

Sasa tuidai kisheria. Ibara ya 18 ya Katiba inatupa haki ya kupewa taarifa kuhusu mambo muhimu kwa maisha yetu. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inamruhusu raia kuomba taarifa kwa maandishi, na ofisi ina siku 30 za kujibu.

Mwandikie mganga mkuu wa halmashauri yako, uliza namba tatu za mwaka jana: wangapi walipimwa, wangapi walikutwa na mabadiliko, wangapi walimaliza tiba. Majina usiombe, siri ya mgonjwa iheshimiwe. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, tarehe isomeke.

Watasema tunaingiza siasa kwenye ugonjwa. Kwani bajeti ya afya inapitishwa wapi, kanisani? Barua ni ukurasa mmoja. Andika wiki hii.